Marlène Musonda na noti ya nchi iliyokufa

Saa nne asubuhi, mtaa wa Xiaobei ndio kwanza unachangamka. Katika ghorofa ya chini ya jengo moja la biashara mjini Guangzhou, China, Marlène Musonda amepiga goti juu ya robota la vitenge, kalamu ya wino mzito mkononi. Anaandika jina la mteja kwa herufi kubwa, analigeuza robota kwa goti, kisha anaandika upande wa pili.

"Pande nne," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiandika mmoja tu, huko bandarini watalipanga jina likitazama ukutani. Mwenye mzigo atalitafuta mwezi mzima."

Mwajiri wake, Nassor, Mzanzibari mwenye ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo, yuko mezani na gilasi ya chai ya tangawizi.

"Dada Marlène, lile la Lubumbashi umelipima?"

"Nimelipima, bosi. Kilo sabini na mbili."

"Umeandika 'Lubumbashi' au umeandika 'nyumbani'?"

Marlène anacheka. Ni utani wao wa siku nyingi. Ana umri wa miaka 46, amezaliwa Likasi, kusini mwa Kongo, na amekuwa Guangzhou tangu mwaka 2014. Kazi yake ni kupokea mizigo, kuipima, kuifunga na kuiandika majina. Analipwa yuani 5,500 kwa mwezi. Chumba chake cha mtaa wa Dengfeng, dakika kumi kwa miguu, kinachukua 1,800, na sehemu kubwa ya kinachobaki huenda Lubumbashi kwa dawa za shinikizo la damu za baba yake na karo ya binti yake anayesomea uuguzi.

Wateja wanamjua kwa mwandiko wake. Wachache sana wanajua kwamba kwa miaka tisa mwanamke huyu amekuwa akiutafuta mwandiko wa mtu mwingine.

*

Mtu huyo aliitwa Célestin. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yake.

Julai 1960, siku chache tu baada ya Kongo kupata uhuru, jimbo la Katanga lilijitangaza kuwa nchi. Likawa na bendera yake, stempu zake na noti zake. Januari 1963 nchi hiyo haikuwapo tena. Miongoni mwa vitu vilivyosalia ni noti za faranga mia moja zenye picha ya mwanamke aliyebeba mahindi.

Mwaka 1962 Célestin alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa askari wa nchi hiyo. Mwezi Oktoba aliwatumia wazazi wake mshahara kupitia kwa mfanyakazi wa reli: noti kumi na nne za faranga mia moja. Kwenye mojawapo, pembeni, mahali peupe, alikuwa ameandika maneno kwa wino.

Mama yake hakujua kusoma. Alimpa mumewe ile noti, akauliza, "Ameniandikia nini?"

Babu, Donatien Musonda, alikuwa seremala. Aliitazama, akasoma kwa sauti: "Mama, usilie. Nitarudi."

Bibi akaziweka zote, hakuruhusu hata moja itumike kabla hajarudi. Célestin hakurudi. Mwenzake wa jeshini ndiye aliyefika mlangoni na habari, mwanzoni mwa mwaka 1963. Wakati huo watu walikuwa wakipanga foleni kubadilisha noti za Katanga kabla hazijakosa thamani kabisa. Babu alitaka kwenda. Bibi alikataa.

"Alisema hawezi kumpa karani wa benki mkono wa mwanawe," anasimulia Marlène. "Si ile moja tu. Zote kumi na nne. Zilikuja pamoja, basi zitakaa pamoja."

Zikafungwa kwenye kitambaa, zikawekwa ndani ya sanduku la bibi. Watoto hawakuruhusiwa kuzigusa. Babu, aliyezoea kuandika kipimo cha kila ubao, aliandika namba za noti zote kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia yake. Alifariki mwaka 1971, na bibi akaendelea kulala na lile sanduku chini ya kitanda.

*

Gaspard, baba yake Marlène, alikuwa na miaka tisa kaka yake alipokufa. Alikua, akawa fundi wa reli, akaoa. Mwaka 1992 alikuwa na miezi saba bila mshahara. Marlène alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Wakati huo kulikuwa na mgeni kutoka Ulaya katika hoteli moja mjini Lubumbashi, akinunua noti za zamani na misalaba ya shaba, fedha ya kale ya Katanga. Jumapili moja, bibi akiwa kanisani, Gaspard alifungua sanduku.

"Papa aliniambia mimi peke yangu, miaka mingi baadaye," anasema Marlène. "Alisema, 'Nilimpa yule mzungu kitambaa kama kilivyo. Akakifungua mwenyewe. Mimi nikatazama dirishani hadi alipomaliza.' Hakuthubutu kuziangalia."

Marlène alirudi darasani na sare mpya. Bibi aligundua wakati wa Pasaka. Hakupiga kelele. Alikusanya nguo zake, akahamia Likasi kwa binti yake, Marie-Louise, na tangu siku hiyo hakula tena chakula cha nyumba ya Gaspard. Alikufa mwaka 1996. Walioketi naye wanasema mpaka mwisho alikuwa akiyarudia maneno yale: Mama, usilie. Nitarudi.

Baada ya mazishi, Marie-Louise alimwambia mdogo wake Gaspard sentensi moja mbele ya watu: "Umemzika Célestin mara ya pili." Hajakanyaga nyumbani kwake tangu siku hiyo.

"Mimi nilimaliza shule," anasema Marlène. "Nikapata diploma ya serikali. Nikajifunza Kifaransa cha kuniwezesha kufanya kazi ofisini, nikawa mkalimani wa wafanyabiashara, nikafika huku. Bon. Kila hatua niliyopiga najua ilitoka wapi. Ni kitu kizito kutembea nacho."

*

Mwaka 2016 mteja mmoja alimwomba amnunulie albamu za kuhifadhia picha. Marlène akaelekezwa kwenye soko la stempu na sarafu, jengo lenye vibanda vya vioo vilivyobanana, wazee wakiwa wameinamia lenzi. Akiwa anapita, alimwona mwanamke aliyebeba mahindi chini ya kioo.

"Miguu ilikataa kuondoka," anasema.

Mwenye kibanda alikuwa Mzee Liang, ambaye sasa ana umri wa miaka 67, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha viatu. Alimtajia bei ya yuani 420. Marlène akajibu kama anavyojibu kila siku sokoni: "Tai gui le," ghali mno. Mzee akacheka, akamvutia kigoda.

Liang ana albamu moja asiyopenda kuiuza. Ameipa jina la nchi zilizokufa. Kurasa za mwanzo ni noti za China za mwaka 1948, zilizoporomoka thamani hata mama yake akazibandika ukutani kuzuia upepo. Nyuma yake kuna noti za majimbo ya kusini ya Marekani, yale yaliyojitenga mwaka 1861 ili kuendeleza utumwa na kushindwa vitani miaka minne baadaye.

"Alinionyesha moja," anakumbuka Marlène. "Ina picha ya watu weusi wanalima pamba. Nikamuuliza hawa ni nani. Akasema, watumwa. Nikaitazama sana. Nikamwambia, walichorwa kwenye pesa ambayo wenyewe wasingelipwa kamwe. Mzee akafunga ukurasa."

Alipoufungua tena ilikuwa ni kumwonyesha jambo jingine. Noti zile zilitiwa sahihi kwa mkono, moja baada ya nyingine, na makarani, wengi wao wanawake. Liang alimweleza kwamba wako Wamarekani wanaomwandikia kwa mtandao wakitafuta sahihi ya bibi wa bibi yao. Hawajali noti imechakaa kiasi gani. Wanataka ule mkono.

"Nilimuuliza, wanapata? Akasema, wengine wanapata. Nikapiga hesabu pale pale. Ule mkono una miaka mia moja na hamsini na zaidi. Wangu una hamsini na kitu. Kwa nini mimi nisitafute?"

Alimpigia baba yake simu, na usiku wa kesho yake huko Lubumbashi baba aliifungua Biblia ya marehemu babu, akapiga picha ukurasa wa mwisho na kumtumia. Namba kumi na nne, kwa penseli, zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. Marlène alizinakili kwenye karatasi na Jumapili iliyofuata akampa Liang.

Mzee alizisoma, akasema kwa Kichina neno ambalo Marlène analitafsiri hivi: "Sasa tuna kazi."

*

Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko. Kwa miaka tisa, Jumapili nyingi zimekwisha kwenye kigoda kile. Liang hununua noti za kigeni kwa mafungu kutoka kwa wauzaji wa Ulaya, na kila fungu lenye noti za Katanga alimwekea Marlène kando kabla hajalipangia bei. Humwita Xiao Ma, yaani Ma mdogo, kwa kuwa jina la Marlène humshinda.

Mwanzoni alinunua kila alichokiona, hata noti zisizokuwa kwenye orodha, mpaka Nassor alipomwuliza mbona anaomba mshahara kabla ya siku yake.

"Nilidhani ana matatizo nyumbani," anasema Nassor. "Akanionyesha karatasi za nchi ambayo haipo. Nikamwambia, dada yangu, sisi hapa tunauza vitu vinavyotumika! Halafu akanisimulia habari ya bibi yake. Tangu siku hiyo, Jumapili hata kontena likifika namwacha aende."

Liang ndiye aliyemfundisha kuacha. Nunua namba zako tu, alimwambia, nyingine ni za watu wengine. Mwaka 2019 ilitokea noti iliyotofautiana na ya orodha kwa tarakimu moja. Marlène aliikodolea macho akitamani saba iwe moja. Mwaka 2020 na 2021 soko lilifungwa kwa miezi mingi, mizigo ikasimama, na yeye akaishi kwa nusu mshahara. Rafiki zake walirudi Kongo. Yeye alibaki, na anakiri kwamba sababu haikuwa kazi peke yake.

"Nilikuwa najiambia, nikiondoka, siku ya pili tu itafika."

Ilifika Machi mwaka huu. Fungu la noti thelathini lilitoka Ubelgiji, kwa mjane aliyekuwa akiuza mkusanyiko wa mumewe. Liang alianza kusoma namba, Marlène akifuata kwa kidole kwenye karatasi. Ya sita ilikuwa kwenye orodha. Ya saba pia. Ya tisa. Ya kumi na moja.

"Noti nne!" anasema, na mpaka leo sauti yake inapanda. "Nilizigeuza mbele na nyuma. Safi. Hakuna hata nukta ya wino."

Alikaribia kulia, si kwa furaha. Ndipo Liang alipofikiria jambo ambalo halikuwajia kwa miaka yote hiyo. Wakusanyaji hawapendi noti iliyoandikwa. Mkusanyaji makini angeitoa kwenye albamu. Mzee akamwandikia yule mjane: Je, hakuna zilizochafuka?

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Zilikuwapo chache, kwenye bahasha, mume wake alikuwa hajajua azifanyie nini. Moja ilikuwa na maandishi. Haina bei, aliandika mjane, nitaituma bure pamoja na mzigo ujao.

*

Bahasha ilifika mwishoni mwa Aprili. Marlène aliisoma noti hiyo akiwa amesimama mbele ya kibanda, kwa lenzi ya Liang.

Alijua atakachokiona. Tangu akiwa mtoto alikuwa akiyasikia maneno yale. Alikuwa akitafuta herufi ya kwanza, M, ya Mama.

Herufi ya kwanza ilikuwa K.

"Kwa Gaspard," yalisema maandishi, kwa wino uliofifia ukawa rangi ya chai. "Ya kaye na kalamu. Usiache masomo. Célestin."

Kaye, kwa Kiswahili cha Katanga, ni daftari.

"Nilisoma mara nne. Nikadhani ni noti nyingine. Nikaangalia namba. Ndiyo yenyewe. Hakukuwa na Mama. Hakukuwa na usilie, wala nitarudi."

Aliketi. Liang alimmiminia chai bila kuuliza. Baada ya muda akasema, "Anasemaje?" Marlène akamfasiria kwa Kichina chake cha sokoni: mdogo wangu, nunua daftari, usome.

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Kaka mkubwa ndivyo anavyosema," alisema.

Pale kwenye kigoda Marlène ndipo alipoelewa alichokifanya babu yake. Mke wake alikuwa amesimama mbele yake, akisubiri neno kutoka kwa mwanawe aliyeko vitani, na kwenye noti hapakuwa na neno lake. Seremala akamtungia moja. Kisha mtoto akafa, na uongo ule haukuweza tena kurudishwa.

"Simlaumu," anasema Marlène. "Bibi aliishi miaka thelathini na zaidi kwa maneno yale. Yalikuwa chakula chake."

Lakini ndiyo maana alikaa siku tatu bila kumpigia baba yake. Alikwenda kazini, akaandika majina ya watu kwenye marobota, akarudi Dengfeng, akaitazama simu.

"Nikimwambia, namvua bibi maneno yake, naye hayupo kujitetea. Nisipomwambia, namwacha Papa na mzigo ambao si wake. Siku ya tatu nikasema, bibi amepumzika. Papa ndiye bado amebeba."

Alimpigia kwa video, asubuhi ya Lubumbashi, wakati mzee Gaspard akiwa amekwisha kunywa dawa. Ana miaka 72 na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo hakumwonyesha noti. Alimsomea.

Baba aliisogeza simu sikioni, uso wake ukatoweka kwenye kioo. Marlène alidhani mtandao umekatika.

"Papa?"

"Soma tena, mama," alisema, kama wazee wa kwao wanavyowaita binti zao.

Akasoma tena. Mzee akaomba mara ya tatu. Kisha akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisimulia. Mwezi ule wa mwaka 1962, baba yake alikuja nyumbani na daftari la jalada la bluu na kalamu mpya ya wino, akampa, akasema ni zawadi. Nyumba nzima ilikuwa ikila mara moja kwa siku. Gaspard alishangaa sana kwamba baba yake, mtu wa kubana matumizi, alinunua daftari katika njaa ile.

Kwa hiyo agizo la Célestin lilitekelezwa. Babu alilitekeleza kimya, kwa fedha zake mwenyewe.

Mzee Gaspard alivua miwani, akajifuta, akaivaa tena.

"Basi niliuza ya kwangu," alisema. "Na niliiuza kwa ajili ya shule."

*

Habari ya noti bado haijamaliza ugomvi. Shangazi Marie-Louise ana miaka 78, anaishi Likasi kwenye nyumba ile ile alikofia mama yake, na si mtu wa kubadilishwa na simu. Marlène alimtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita akimweleza kila kitu, pamoja na lile alilolifanya babu. Wiki nzima shangazi hakujibu. Wiki ya pili lilikuja jibu la maneno mawili: "Unakuja lini?"

"Kwa mtu mwingine hilo ni swali la kawaida," anasema Marlène. "Kwa shangazi yangu, ni hotuba."

Ameomba likizo ya mwezi mmoja kuanzia katikati ya Desemba, ya kwanza tangu mwaka 2018. Nassor amekubali na ameahidi kumchangia tiketi. Noti tano zilizopatikana hazitasafiri kwenye kontena. Zitakaa ndani ya pochi ya kifuani, chini ya nguo. Orodha yenye namba tisa zilizobaki amemrudishia Liang, akamwambia asihangaike nazo. Mzee hakubishana, lakini ameiweka kwenye droo.

Kwa sasa Marlène anapanga siku ya kwanza. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kama ataanza kwa kuwaonyesha ndugu hao wawili mwandiko wa kaka yao, alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa amekwisha kulifikiria.

"Nitakwenda Likasi kwanza, nimchukue shangazi kwa mkono, nimlete kwa Papa. Wakae meza moja, wale, wagombane kidogo kama watu. Noti nitaitoa baadaye."